Fomu ya Lugha ya Nyumbani

Mimi nina kaugonjwa ka kushauri watu. Mtu akihamia jengo letu hapa Takoma Park, jimbo la Maryland, Marekani, hajamaliza kufungua masanduku mimi nimeshafika na sufuria ya pilau na maelekezo: kliniki iko wapi, basi la kwenda stesheni linapita saa ngapi, ukimpigia simu mwenye nyumba useme nini. Miaka kumi na zaidi nimefanya hivyo, wengi wamenishukuru, na kichwa kikavimba.

Basi mwaka juzi, mwezi wa nane, mlango unaotazamana na wangu akahamia mama wa Kikongo na binti yake wa miaka minane. Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Morogoro vilipatana siku ileile. Wiki ya pili akaja na fomu za kumwandikisha mtoto shule, tukakaa mezani kwangu kuzijaza. Tukafika kwenye swali: mtoto anaongea lugha gani nyumbani? Akataka kuandika Kiswahili. Nikamshika mkono.

"Wee! Usithubutu. Andika Kiingereza."

"Lakini dada, Kiingereza hajue hata kidogo."

"Atakijua tu. Ukiandika Kiswahili watamtenga na wenzake, wamwone mzito. Andika nilivyokwambia."

Akaandika. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikumdanganya kwa ubaya, jamani. Nilikokulia mimi, mtoto anayejua Kiingereza ndiye mwenye akili, na asiyekijua anachekwa. Fikra hiyo niliifungasha nikavuka nayo bahari. Tena ushauri huohuo nilikuwa nimeshaugawa karibu jengo zima, kwa Wakenya, kwa Wakongo, kwa Watanzania wenzangu.

Yule binti alipofika alikuwa anaimba kwenye ngazi hadi wazee wa chini wanalalamika. Kufika Novemba, kimya. Mama yake akaja kunilalamikia.

"Mutoto anarudi na sac yake mugongoni, anakaa pa kitanda, hasemi kitu. Mwalimu anasema ni mupole. Si mupole, dada. Haelewe."

"Mpe muda," nikamwambia. Ushauri wa pili huo, na bure kabisa kama ule wa kwanza.

Mwezi wa pili shule, ambako binti yangu naye anasoma, ikatuma barua. Mwalimu anayewasaidia watoto wanaojifunza Kiingereza angegawanywa na shule nyingine mwaka unaofuata. Kwetu angebaki nusu wiki tu. Wazazi waje mkutanoni. Loo, nilichemka! Nilitoka kazini Arlington, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapanda treni na sare yangu hivyohivyo, jirani yangu nikamkuta kanishikia kiti.

Aliyekuja kutueleza alikuwa bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu ya kaunti, Mmarekani mweusi, mvi kidogo, mpole. Sikumpa nafasi. Nikasimama nikasema kwa Kiingereza changu cha hasira: shule imejaa watoto kutoka kila pembe ya dunia, na ninyi mnamkata mwalimu wa lugha vipande viwili. Nani kasema nusu inatosha?

Akaniangalia, akatabasamu, akajibu kwa Kiswahili. Kiswahili cha chuo kikuu, kilichopigwa pasi kuliko changu.

"Mmesema ninyi, mama."

Akina sisi wa Kiswahili ukumbini tukageuka wote kumtazama. Akaeleza taratibu, mara Kiswahili, mara Kiingereza kwa ajili ya wengine. Jimbo haliji kuchungulia madarasani. Liliwaketisha walimu na wataalamu, wakakadiria mtoto mmoja anahitaji pesa kiasi gani ili afikie viwango vya masomo. Hicho ndicho kiasi cha msingi. Kisha linaongeza kwa mtoto mwenye mahitaji zaidi: wa nyumba yenye kipato kidogo, mwenye ulemavu, anayejifunza Kiingereza. Halafu linapima kaunti inaweza kukusanya kodi kiasi gani, nalo linajazia pengo. Hapo ndipo inapoamuliwa kama shule zimepata pesa za kutosha, na kaunti ndiyo inawagawa walimu kwa hesabu hiyohiyo.

"Na anayejifunza Kiingereza tunamjua kwa fomu ya mzazi," akasema. "Mzazi akitaja lugha nyingine, mtoto anapimwa. Akiandika Kiingereza, hatumpimi, na asiyepimwa hahesabiwi. Kwa karatasi zenu, shule hii imetosheka."

Nikakaa. Ningependa kusema niliteleza nikaanguka, angalau nipate kisingizio cha kuinamisha uso. Jirani yangu alinitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu vya kazini.

Kisha nikasimama tena. "Ni mimi," nikasema kwa sauti. "Mimi ndiye niliyewaambia watu waandike hivyo. Fomu zinaweza kurekebishwa?" Akasema zinaweza.

Jumamosi ile nilipita mlango kwa mlango na jirani yangu, fomu mpya mkononi. Baba mmoja Mkenya alinisimamisha nje, mikono kifuani.

"Auntie, si ni wewe ulituambia tuandike English?"

"Ni mimi. Kesho unisute vizuri, leo saini."

Alicheka mpaka mkewe akatoka kuona kuna nini. Wakasaini. Tulipomaliza jengo letu, jirani akanivuta kwenda la pili. Mimi fomu ya binti yangu sikuigusa. Huyo nikimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza, hata ndoto zake ni za Kiingereza, na hilo ni kosa langu jingine ambalo fomu hairekebishi.

Watoto wakapimwa. Yule binti wa jirani aliingia kwa mwalimu wa lugha kabla Machi haijaisha, na mwezi wa tano barua ikaja kwamba mwalimu anabaki kwetu wiki nzima. Siku hiyo jirani alipika sombe, kisamvu cha kwao, tukala hadi tukashindwa kuinuka. Nilifurahi mno, na nyimbo kwenye ngazi zilikuwa zimesharudi.

Shule ilipokuwa karibu kufungwa, yule binti alitumwa kwangu kuomba chumvi. Akasimama jikoni, akavuta pumzi, akaniuliza kwa Kiingereza, sentensi nzima bila kukwama: kwa nini nilimwambia mama yake aandike kwamba anajua Kiingereza?

Nilikuwa na majibu mengi ya kikubwa. Sikuyatoa.

"Nilikuonea aibu, mwanangu. Na wewe hukuwa na kosa lolote."

Akafikiri kidogo, kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole, kama anayenieleza jambo ambalo mimi ndiye sikulijua.

"Sikujua namna ya kuomba ruhusa ya kwenda toilette. Kila siku nilikuwa nangoja mpaka nyumbani."