Rejeta inaisha maji, chini ya gari hakuna hata tone

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu humu ndani, leo imebidi niandike. Haya yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi. Anayeijua gari yangu atasema hata nimepunguza.

Gari ni station wagon ya zamani. Nikiwaambia umri wake mtauliza kwa nini bado iko barabarani, kwa hivyo tuache hapo.

Mimi naishi Kiogoro. Mama yangu yuko Ekerenyo na majani chai yake na ndizi zake. Kila Ijumaa asubuhi huenda kumchukua nimlete kliniki hapa Kisii mjini, kwa sababu ana kisukari na alijikata kidole cha mguu na jembe.

Kidonda kilikataa kukauka. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi, habari ya gari ilikuja baadaye.

Nesi alishatuambia wazi: kidonda kikae kikavu, la sivyo hicho kidole kitakatwa. Na kila Ijumaa akifungua bandeji, imelowa.

"Mama, umetembea kwenye umande?"

"Sijatembea."

Nesi ananiangalia mimi. Mimi namwangalia mama. Mama anaangalia ukuta.

Sasa nyinyi mnawajua wamama wetu. Kumwambia mama akae nyumbani wakati chai iko tayari kuchumwa ni kama kuikataza mvua ya saa nane isinyeshe. Nikaamua anaingia shambani kisirisiri. Nikachukua gambuti zake, nikazifungia kwenye buti ya gari. Mama mzima, shemasi wa kanisa, nimemnyang'anya viatu. "Omwana one, mwanangu, sijaenda chai," akaniambia, akaingia ndani.

Turudi kwa gari.

Geji ya joto ilianza kupanda nikikwea milima, na huku kwetu hakuna safari isiyo na mlima. Nikifungua rejeta, maji yamepungua. Naongeza. Wiki nzima nazunguka na shughuli zangu, yanakaa vizuri. Ijumaa nikimbeba mama, yanaisha.

Nililaza kadibodi chini ya gari mpaka asubuhi. Kavu kabisa.

Fundi wangu, Ombati, alifungua boneti akatoa hukumu kabla hajashika kitu: gasket ya kichwa cha injini imekwisha, kichwa kifunguliwe. Nikamuuliza mbona oili haijageuka rangi ya chai ya maziwa, mbona ekzosi haitoi moshi mweupe, mbona rejeta haitoi mapovu. Akafikiria. Akasema basi labda ni uzito wa mama.

Mama yangu hafikii gunia la mahindi, hata ukimpakia akiwa na ndizi zake.

Mwisho tukakubaliana niache kuweka maji ya mto, niweke coolant, ile dawa ya kijani ya kupoza injini. Nikaweka Alhamisi jioni.

Ijumaa nikaenda Ekerenyo, nikambeba mama kama kawaida. Kulikuwa na baridi, nikawasha hita. Kioo cha mbele kikashika ukungu, nikawa nafuta na kitambaa njia nzima. Hilo halikunishtua, asubuhi huku hata ng'ombe wanashika ukungu. Lakini ndani ya gari kulikuwa na harufu tamu tamu. Na kila gari Kisii ikinuka hivyo, ni ndizi mbivu. Mama huwa anampelekea nesi ndizi kila wiki.

"Mama, umeacha ndizi gani chini ya kiti?"

Akachukua zile ndizi za nesi, akazifunga kwa leso, akazipakata mpaka mjini. Harufu haikuisha.

Kliniki, nesi akafungua bandeji. Ilikuwa kijani.

Nesi akaenda kumwita daktari. Daktari akaja, akasema hiyo rangi haipendi, inaweza kuwa usaha wa wadudu wabaya. Mama alazwe, kidole kiangaliwe upya. Wote mle ndani tulijua kuangaliwa upya ni nini.

Mama ndiye alikuwa ametulia.

"Ni kukata?" akauliza.

"Huenda."

"Basi mkate mapema nifike nyumbani kabla jua halijatua. Sabato inaingia."

Niliinama nijifanye naokota leso yake, asione machozi yangu. Hapo harufu ile ile ya kwa gari ikanipata. Ndizi mbivu, na inatoka kwa bandeji.

"Sister, huo si usaha," nikasema. "Hiyo ni coolant."

Aliniangalia vile mtu huangaliwa kabla ya kupelekwa wodi nyingine. Nikakimbia kwa gari. Pale mama anapowekea mguu nilikuwa nimemwekea mto wa sponji, ili mashimo ya barabara yasimtoneshe kidonda. Nikaufinya, ukatoa kijani. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi, mkono ukatoka kijani.

Kwa wasiojua: hita ina karejeta kake kadogo nyuma ya dashibodi, na maji ya injini yanapita humo ukiiwasha. Kangu kalikuwa kametoboka. Na mimi hita huwasha Ijumaa tu, mama asisikie baridi. Maji yalikuwa yanadondoka polepole kwa sponji, na mguu wenyewe umekufa ganzi kwa ajili ya kisukari, hausikii kitu.

Nilirudi na ule mto ukidondosha korido nzima. Daktari akaunusa. Akamwosha mama mguu kwa maji mengi, akaangalia kidonda tena. Nyama nyekundu, safi. Akasema hiyo kitu ya gari ni sumu, isimguse tena, na kidole kitabaki.

Mama akaniuliza, "Kwa hivyo si umande?"

"Si umande, mama."

"Na si ndizi?"

Nesi akageuka kuangalia dirisha.

Ombati ameunganisha mipira inayopeleka maji kwa hita kule kule kwa injini, maji hayaingii ndani tena. Geji imetulia. Mama anajifunika blanketi. Kidonda kimefunga.

Funzo ni hili: maji yakipotea na chini ni kavu, papasa zulia la abiria kabla hujakubali kichwa kifunguliwe. Na mama akisema hajaenda chai, hajaenda chai.

Wenye uzoefu, nishaurini: ninunue karejeta kapya ama niache hivi hivi? Na kama kuna mwingine aliyemnyang'anya mamake viatu bure, asione haya, aseme hapa tukae pamoja.

Mtauliza kuhusu gambuti. Nilimrudishia siku ile ile, nimeziosha. Akaziweka kando ya mlango, akaniambia nifungie kuku, jua linaenda.

Ijumaa iliyofuata aliingia kwa gari na kichane cha ndizi mbivu, akakiweka juu ya dashibodi, mbele ya pua yangu.

"Hii ndiyo harufu ya ndizi," akasema. "Nusa vizuri, uijue."

Nikanusa mpaka Kisii.