Mshono Uliopinda

Fundi cherehani hushona huku kabana pini mdomoni, na mshono wake umenyooka kama rula. Ukimsifu, huvuta kitambaa, akakikagua tena. Chama cha kupigania uhuru kilipokuwa bado ni watu kumi na mmoja wanaokutana kwa kujificha, wifi yake alimletea vitambaa vya bendera. "Mimi nashona nguo, wifi, sishoni jela," akamjibu, akafunga dirisha. Wanachama wakaishona bendera wenyewe, kwa mikono isiyojua sindano.

Leo chama kimezoa viti vyote, wakoloni wanafunga mizigo, na wifi karudi na bendera ile ile: imechujuka, mshono umepinda kama njia ya mlevi.

"Tunataka mia moja, za siku ya uhuru."

"Hapa nitapanyoosha," fundi alisema, pini mdomoni.

"Usipanyooshe, wifi. Watu wamepigwa wakiishika hivyo hivyo ilivyo."

Alisema kwa upole, heri angefoka. Fundi akatema pini, akakanyaga cherehani. Mshono ukanyooka. Akafumua, akarudia, ukanyooka tena. Mwishowe akaisukuma cherehani kando, akashika sindano ya mkono, akaanza kupindisha polepole, wifi akimshikia kitambaa, naye fundi hathubutu kuinua uso.