Mita Nane za Ilwad

Msomaji, unajua kitu hunichefua? Mwalimu anayeamini photocopy kuliko macho yake.

Ilwad ni binti wa muuza mbuzi pale Kitengela. Yuko Form Four na anataka kusoma engineering. Juzi darasani walifanya zoezi la calculus: particle, yaani chembe, inaenda mita nne mbele, inageuka, inarudi ilikoanzia. Imesafiri umbali gani? Akaandika nane. Marking scheme ya mwalimu Wanyama, photocopy ya majibu, ikasema sufuri, eti kwa vile imerudi ilikoanzia, akamkosesha.

"Mwalimu, baba akipeleka mbuzi sokoni Kajiado, akose mnunuzi, arudi nayo, hiyo mbuzi haijatembea?"

"Aii, mbuzi ya kwenu inafanya calculus!" Omolo, mwanafunzi mwenzake, akapiga kelele kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Andika sufuri," mwalimu akasema, "ama utoke kwa group ya wale wa A."

Ilwad akafuta nane yake, akaandika sufuri, akapewa tiki. Tiki ya uongo, na aliiangalia kama nzi kwa chai. Novemba, kwa mtihani wenyewe wa taifa, hiyo sufuri itamwangusha.

Kama wewe ni mwalimu, tafadhali, weka hiyo karatasi chini ufanye hesabu mwenyewe kwanza.