Kipande cha Njia

Kabla barabara haijapanda mlima, mgonjwa wa kijiji kile alishuka kwa mabega ya watu. Machela ilining'inia ghalani, mianzi miwili mirefu iliyosukiwa kamba katikati, na njia ya miguu ilikata mashamba moja kwa moja hadi darajani bondeni. Kila nyumba ilitoa bega. Hakuna aliyeitwa mara mbili, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ni wa ukoo gani.

Kiongozi wa wabebaji alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, aitwaye Bega. Jina alilopewa utotoni alilijua mama yake, akaenda nalo kaburini. Bega alikuwa na sugu begani, ngumu kama kisigino, na watoto wa majirani waliomba kuigusa. Ndiye aliyewafundisha vijana kwamba wabebaji hawaendi mguu mmoja kama askari wa gwaride. Kila mmoja avunje hatua ya mwenzake, la sivyo machela inaanza kubembea na mgonjwa anafika chini akiwa na ugonjwa wa pili. Ndiye aliyesema mgonjwa atangulize miguu kwenye mteremko, kichwa kibaki juu, aone anakokwenda badala ya mlima anaouacha.

Kisha barabara ikaja, ikizunguka mlima kwa madaha, na pikipiki zikaifuata. Watu walipiga vigelegele, na Bega alikuwa miongoni mwao. Nani anapenda kubeba watu?

Njia ya miguu haikufa siku moja. Iliuawa kidogo kidogo, na walioiua walikuwa watu wema. Huyu alisogeza tuta moja, yule akasogeza mawili asionekane mjinga. Mwalimu mstaafu alipanda ua wa michongoma kuikinga mihogo yake. Mwenye duka akapanda mikaratusi na kuizungushia seng'enge. Baada ya misimu michache, aliyetaka kushuka kwa miguu ilibidi aombe hodi kila shamba.

Shamba la Bega lilikuwa katikati, chini ya lile la Mwalimu na juu ya lile la mwenye duka. Yeye peke yake hakulima njia. Kila palizi aliipalilia, akaifagia mawe, akachimba mfereji mdogo wa maji pembeni. Ilianzia kwenye miiba ya Mwalimu na kuishia kwenye waya wa mwenye duka.

"Mume wangu," mkewe alikuwa akimwambia, ameshika kiuno, "njia za watu zinakwenda mahali. Yako tu ndiyo imekaa."

"Imepumzika."

"Basi ipumzike huku ikiota maharage."

Mwana wao, dereva wa pikipiki, alicheka hadi akakaa chini. Aliwaambia abiria wake kwamba baba yake anafuga njia, na akizeeka ataiachia urithi. Bega alisikia, akaendelea kupalilia.

Mwaka ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Upande mzima wa mlima ukateremka, ukaibeba barabara pamoja na makalavati yake. Pikipiki ya kijana ikabaki uani, imefunikwa turubai. Barabara ikiwa katika hali hiyo, mke wa Bega akaanza kushika tumbo. Alfajiri ya pili tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza, akamtoa Bega nje.

"Mzee, utumbo umejisokota. Huyu ni wa kupasuliwa, na ni leo. Nimewapigia simu hospitali, gari lao litasubiri darajani. Mkimfikisha atapona. Mkichelewa, sina la kukuambia."

Kamba za machela zilikuwa zimeliwa na panya. Bega akasuka mashuka badala yake. Akapita nyumba kwa nyumba kuita mabega, na siku hiyo akagundua ni migongo mingapi kijijini inauma ghafla. Waliotoka walikuwa vijana wachache na wazee wenzake wawili ambao magoti yao yalikwisha kustaafu. Mwanawe alishika mwanzi wa mbele.

"Msitembee kama askari," Bega alisema. Wakatembea kama askari. Hawakujua namna nyingine.

Walipofika kwa Mwalimu, walimkuta amesimama mbele ya ua wake na mwavuli.

"Pole sana mama," alisema. "Kateni, kateni. Mgonjwa ni mgonjwa. Ila kateni pale pembeni, hapa katikati pamechukua miaka kushikana."

"Mwalimu, njia iko hapa katikati," Bega alisema.

"Ilikuwa, mzee mwenzangu. Pembeni pia ni ardhi."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Wakakata pembeni, na pembeni kulikuwa na kingo ya tuta yenye urefu wa mtu. Kijana wa mbele aliteleza, machela ikainama, na mama yule akatoa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia. Walipomweka sawa alifumbua macho.

"Tumefika wapi?"

"Kwa Mwalimu, mama," mwanawe alisema.

"Nilijua. Bado anasahihisha watu."

Wabebaji walicheka, na kwa kicheko kile hatua zao zikavunjika zenyewe, machela ikatulia. Bega alimwekea mkono usoni asipigwe na mvua.

Halafu wakaingia kwenye kipande chake. Miguu ilikanyaga udongo uliokanyagwa na mababu, mgumu, usio na maji, na ghafla wakawa wanakwenda. Hakuna aliyeteleza. Mama hakufumbua macho safari hii.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Mume wangu, imeamka."

"Imeamka," Bega akajibu.

Ilikuwa fupi mno. Mbele yao ukasimama waya wa mwenye duka, nyuzi juu ya nyuzi, umekazwa kwenye nguzo za zege. Mwenyewe alikuwa mjini tangu kabla ya mvua. Mapanga yaliruka kwenye waya kama yanagonga kengele. Chini hapapitiki, juu hapapitiki, na kuzunguka ni kurudi kijijini.

"Koleo," kijana alisema. "Ninayo kwenye zana za pikipiki." Akaacha mwanzi, akapanda mlima mbio, akianguka na kuinuka.

Waliishusha machela kwenye njia ya Bega na kumfunika mgonjwa kwa majani ya migomba. Bega alikaa chini, kichwa cha mkewe kikiwa kwenye paja lake, akimweleza mashamba yaliyobaki hadi darajani, la nani na la nani, kama mtu anayehesabu watoto wake. Alikuwa bado anaeleza kijana aliporudi na koleo, na wazee wawili walikuwa wamevua kofia.

Kijana aliukata waya wote. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemwambia wa nini tena. Mvua ilikuwa ileile. Gari la hospitali, walisikia baadaye, lilisubiri hadi jioni, likaondoka.

Maziko yalijaa. Migongo yote ilikuwa imepona. Mwalimu alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri, na juma lililofuata alionekana akipanda miche ya michongoma kwenye pengo. Mwenye duka alirudi, akatoa pole ya sukari, kisha akauliza kwa upole nani aliyekata seng'enge yake.

Mvua zilipokatika na barabara kutengenezwa, kijana alimkuta baba yake shambani na jembe. Alikuwa anailima njia. Ardhi ilikuwa ngumu hata jembe lilirudi kama limepigwa.

"Baba, iache. Mimi nitakuwa naipalilia."

Bega akainua jembe tena.

"Barabara ikianguka tena?"

"Utapita hapa," Bega alisema. "Halafu utapita wapi?"

Kijana alienda nyumbani kuchukua jembe la mama yake. Walilima hadi kwenye waya mpya, wakapanda maharage. Yaliota mafupi, ya manjano, kwenye mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye miiba hadi kwenye waya, na kila mpita barabara aliyekuwa juu aliuliza ni ugonjwa gani huo.