Siku Tano za Anselmo

Demetria hakuwahi kupanda ndege, lakini njia za angani alizijua kama vichochoro vya kwao Mwananyamala. Mwaka wa kumi na sita huu yeye ni karani wa safari wizarani: anaomba vibali, anakata tiketi, anapanga likizo za watumishi walio nje. Mchana, feni ikizunguka taratibu, mara nyingi alijikuta anatembea kwenye theluji ya miji asiyoijua, peku, wala hasikii baridi.

Jalada lililomkaa moyoni ni la Anselmo, mhandisi wa maji aliyeazimwa na shirika moja kule Vienna. Miaka mitatu hajaja likizo. Shirika lilisema ruhusa itoke wizarani. Wizara ikasema itoke kwa waliomwazima. Barua zikaenda, zikarudi.

Asubuhi moja likaja ombi la safari yake ya kikazi kwenda Lusaka. Demetria akaitazama ratiba. Kwenda na kurudi, Anselmo angeshuka Dar kwa muda wa saa nne tu, abadilishe ndege. Mama yake yuko Keko, akawaza, na yeye atakaa uwanjani anatazama mlango.

Akaandika dokezo, akalipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, Bwana Godlisten.

"Unataka nini, Demetria?"

"Likizo yake iunganishwe na safari hii, bosi. Siku tano tu, wakati wa kurudi. Waliomwazima nimeshawaandikia, wamekubali."

Godlisten akasoma dokezo, akasaini.

Anselmo alipotua akitokea Lusaka, alimpigia simu. "Dada Demetria, mama kasema usipokuja kula Jumapili, mie Vienna sirudi."

Akaenda. Alimfikiria Anselmo mrefu, kumbe mfupi, tena ana mafua. Mama yake, Bi Monica, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe!" Akamshika mikono yote miwili, asiiachie.

Walikula wali na samaki wa nazi. Nje mafundi walikuwa wanapiga msasa vitanda, na harufu ya mbao na vanishi ikaingia dirishani polepole. Sahani hazijaondolewa, Anselmo keshasinzia kwenye kochi, viatu miguuni. Bi Monica akamfunika khanga.

"Muache," akanong'ona. "Tangu afike analala tu, kama mtoto."

Kope za Demetria nazo zikawa nzito. Bi Monica akamsogezea mto pale mkekani.

"Na wewe jinyooshe, mama. Chai ikiiva nitakuamsha."