Vidole Vine vya Kukomea

Nimefungua kopo la maziwa ambamo mama aliweka nyuzi za kutupimia, na harufu ya sufu yenye unyevu imenirudisha kwenye baridi ya Butembo.

Kila mwanzo wa mwaka mama alipanga triko, yaani sweta, atakazotufumia. Hakuandika kitu. Alitupima kwa uzi toka bega hadi kiuno, akaongeza vidole vine vya kukomea, yaani vya kukua, ndipo akakata.

"Simama sawasawa, hapana tikisika."

Dada yangu mkubwa, yaya, alikuwa amekwenda kulima Eringeti, hakurudi, wala hatukupata habari zake. Mwaka uliofuata, na kila mwaka baadaye, mama alitoa uzi wa yaya wa zamani, akapima mwingine kwa huo, akaongeza vidole vine. Mwaka ule wa kwanza akamwekea sufu nyekundu, ile niliyoitaka mimi. Nikanuna.

"Mais, lakini mama, yaya haiko!"

"Kule pia batoto banakomea," alijibu, bila kuniangalia.

Humu koponi, uzi wangu wa mwisho ni wa mwaka nilioacha kurefuka. Wa mwisho wa yaya nimeushika begani pangu. Umepita kiuno, umepita magoti, umefika kwenye sakafu ya saruji na kuanza kujikunja.