Mshumaa wa Mtakatifu Ana

Zulmira alikufa wakati wa mvua, akamwachia mumewe Belarmino nyumba tupu na ahadi moja.

Ahadi yenyewe ndogo. Jumatatu, siku ya roho za marehemu, amwashie mshumaa mbele ya Mtakatifu Ana. Kwa mapadri, Ana ni bibi yake Yesu, mzaa mama. Katika kilinge cha Zulmira, nyuma ya jiko, kila sanamu ya mtakatifu ilikuwa pia mungu wa mababu walioletwa utumwani: Ana alikuwa Nanã, kizee wa matope anayepokea wafu. Mtakatifu Jorji na farasi wake alikuwa Ogum wa vita. Na Yesu mwenyewe, juu ya wote, mikono wazi, Oxalá. Belarmino hakusoma, lakini hilo halikumtatiza. Mtu mmoja mwanawe humwita baba, jirani humwita jina jingine.

"Usiponiwashia nitabaki njiani, Belo," mke alimwambia kitandani. "Na unanijua, sitanyamaza."

"Lini uliwahi kunyamaza?"

Akacheka, akakohoa. Hakucheka tena.

Siku ya saba ya msiba, Belarmino akiwa kanisani kwenye misa ya marehemu, binti yao Gislaine, mlokole, aliingia kilingeni na nyundo. Baba aliporudi alimkuta anafagia vipande.

"Nimekusafishia, baba."

"Ana yuko wapi?"

"Kwenye kiroba, na wenziwe."

"Hata Yesu umempiga nyundo?"

"Yule hakuwa Yesu. Pepo aliyevaa nguo zake."

"Mama yako alimpangusa vumbi kila Ijumaa. Wewe umempasua uso. Sasa mwenye pepo nani?"

Gislaine akalia. Baba hakumbembeleza.

Jumatatu akaenda parokiani. Huko Ana yupo ukutani, kitabu mapajani, anamfundisha Maria mdogo kusoma. Belarmino akawasha mshumaa. Angesali kimya, mambo yangeisha. Lakini mazoea yana taabu. Aliinama, akagusa sakafu kwa vidole, akagusa paji la uso, akamsalimu kwa sauti kama walivyomsalimu kilingeni:

"Salubá, Nanã! Mpokee Zulmira wangu."

Bi Ozília, mpanga maua wa kanisa, akageuka.

"Mzee Belarmino! Umemwitaje?"

"Jina lake."

"Huyu mama wa Bikira Maria. Mambo ya ngoma peleka kwenu."

"Kwetu kumevunjwa."

"Basi Mungu kaona."

"Ozília, mwanao alipopooza mguu ulimpeleka wapi? Si ulipita mlango wangu wa nyuma, mtandio usoni? Ukapiga magoti mbele ya Ana huyuhuyu."

Mama yule alitazama mlango wa sakristia. Sauti ikashuka.

"Ndiyo maana nakuambia toka, babu. Padri asije akasikia."

Akalamba vidole, akaubana utambi. Moshi ukapanda mpaka kwenye kitabu cha Ana. Kisha akamrudishia mshumaa mkononi, kwa adabu, kama anayempa chenji.

Belarmino alitoka. Nje mvua. Hakujua Ana mwingine wa kumwendea, na sanamu mpya ya dukani, isiyoombewa wala kupigiwa ngoma, Zulmira alikuwa akisema ni plasta tu.

Nyumbani alikuta sufuria mlangoni, wali na maharage, moto bado. Gislaine ndiye aliyeleta. Alibeba sufuria mpaka uani, akamwaga vyote kwa kuku wa jirani.

Binti anakuja mpaka leo, kila Jumapili, baada ya ibada. Baba humjibu dirishani, mlango hafungui.